Wadudu wa Peris Nabwile

Katika bendi ya kanisa letu pale Kitale, tarumbeta ni chache kuliko vinywa. Kwa hivyo kila tarumbeta ina watu wawili. Siku za maandamano, bendi inapopita mjini ikipiga, wa kwanza akiishiwa pumzi anamkabidhi wa pili bila wimbo kukatika. Huyo anapangusa mdomo wa tarumbeta kwa mkono wa shati, kisha anaendelea. Hao wawili tunawaita mapacha. Hawachaguliwi kwa kufanana. Mwenye pumzi ndefu anapewa mwenye pumzi fupi, ili wimbo usilale njiani.

Peris Nabwile ndiye aliyekuwa na pumzi ndefu kuliko wote. Alizaliwa Bungoma, akaolewa Kitale, akafiwa na mume, akabaki. Ni mshonaji. Cherehani yake iko kwenye veranda ya ploti yetu ya nyumba za kupanga, naye hushona sare za shule huku mguu wake ukikanyaga kwa mdundo wa nyimbo za bendi, hata ukipita na shughuli zako unajikuta unatembea kwa hatua zake. Watu humwita Mama Judy, kwa jina la binti yake aliyeolewa Kachibora. Pacha wake ni Linah, muuza maziwa wa mlango wa pili, mwanamke wa pumzi fupi na maneno mengi.

"Linah," Peris alizoea kumwambia, "ungepuliza vile unaongea, tungefika Suam mpakani bila kupumzika."

Mwaka jana, watu wakiwa mashambani wakipanda, homa iliingia ploti yetu ikaenda mlango kwa mlango. Watoto walikohoa wakapona. Mimi nilikohoa nikapona. Linah alikohoa huku akipima maziwa. Peris naye akafanya alivyozoea miaka yote: alinunua rangi mbili.

Rangi mbili ni vile vidonge vya antibiotiki, nusu rangi hii na nusu rangi ile, ambavyo mtu hununua vichache tu bila kumwona daktari. Kwa watu wa bendi ni kama mafuta ya bawaba. Koo likikwaruza kabla ya maandamano, unameza viwili, unapuliza, na jioni unasema vimesaidia. Hakuna aliyewahi kuuliza vimesaidia nini. Safari hii maandamano yalikuwa karibu, na Peris alivimeza asubuhi na jioni. Vilipoisha akanunua vingine.

Homa haikumsikiliza. Ilitoka kooni ikashuka kifuani. Linah alimkuta ameketi kitandani, mikono miwili imeshika godoro, akivuta hewa kama mtu anayepanda mlima akiwa na gunia. Alitaka kumwita kwa jina lakini jina halikutimia. "Li," alisema, akanyamaza, akavuta. Linah alimbeba mgongoni mpaka barabarani penye gari, Peris akimkoholea shingoni njia nzima. Hilo Peris hulisema hata sasa, hata akiwa amekasirika: aliyeniokoa ni huyu.

Hospitalini waliona kwamba virusi vya homa vimeshika mapafu yote mawili, na nyuma yake bakteria wameingia. Aliwekewa oksijeni. Alilazwa kifudifudi ili mapafu yapate nafasi, akapewa dawa ya sindano, na kwa muda Judy aliambiwa ajiandae kwa lolote. Halafu, taratibu, pumzi ilirudi. Ilirudi nusu.

Alipoweza kuketi, daktari mmoja alikuja pembeni mwa kitanda chake na ombi. Aliitwa Daktari Jeruto, mtu wa Endebess, na alizungumza kama mtu aliyekulia shambani.

"Mama, unajua puani na kooni mwako kuna viini vinavyoishi humo tangu uzaliwe?"

"Vya ugonjwa?"

"Vingi si vya ugonjwa. Vimekaa tu. Hata kwenye mapafu kuna vichache. Wewe umelima mahindi?"

"Nani amekaa Trans-Nzoia na hajalima mahindi?"

"Mahindi yakishika shamba vizuri, sangari, yale magugu, inapata nafasi?"

"Inajaribu pembeni tu."

"Sasa mvua ya mawe ipige mahindi yalale. Nini kitaota?"

"Sangari itajaa kila mahali," alisema Peris. Aliyajua majani hayo tangu utotoni, mizizi yake isiyoisha kung'olewa.

"Virusi vya homa ni kama hiyo mvua ya mawe. Vinaharibu, na viini vibaya vinapata pa kuotea."

Peris akauliza mwenyewe, "Na rangi mbili?"

"Rangi mbili haiui virusi hata kidogo. Ni jembe. Sisi hapa tulikupa jembe baada ya kupima na kuona sangari iko. Ukilitumia umefumba macho, unakata mahindi yako pia."

"Kwa hivyo nilijiletea mwenyewe."

"Sijasema hivyo. Hatujui. Tunaona waliougua sana shamba lao lina mabaka matupu. Lakini mabaka yalitangulia, au ugonjwa ndio uliyaleta? Hilo ndilo tunatafuta. Ningependa kulitazama lako likiota upya."

Daktari aliyekiri kwamba hajui alimpendeza Peris. Alisema wengine wote maishani mwake walikuwa wakijua kila kitu mpaka mgonjwa anapokufa. Akakubali.

Basi alirudi nyumbani, na kila baada ya wiki kadhaa alifika kijana wa utafiti, Hillary, kwa pikipiki, na kisanduku cha barafu mgongoni. Alimpangusa Peris puani na kooni kwa vijiti vya pamba, akavifunga, akaondoka. Ploti nzima ilimzoea. Peris alitania kwamba amepata mchumba anayependa koo lake tu.

Siku moja Hillary hakusubiri hata kuvua helmeti. Peris alikuwa kwenye cherehani, akina mama wawili wakisubiri sare, na Linah akipita na mtungi wa maziwa.

"Mama Judy, niko na habari poa," alisema kwa sauti ya mtu aliyetoka kwenye pikipiki. "Wadudu wako wamerudi. Wamejaa kwa koo, mpaka daktari amefurahi."

Alimaanisha vile viini vya kawaida, yale mahindi. Lakini kwetu neno hilo lina milango miwili. Wadudu ni nzi na siafu, na ni viini vya maradhi pia. Mtu akisemwa ana mdudu, hapo hakuna nzi wala siafu: ina maana ana virusi vya ukimwi. Akina mama wale walitazamana. Linah aliushusha mtungi chini, akaubeba tena.

Linah hakuwa na nia mbaya. Alimwambia mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa mke wa mwalimu wa bendi.

Mwalimu wa bendi ni Noah Mukhisa, naye pia mzaliwa wa Bungoma, mtu mpole anayeogopa kelele zote zisizotoka kwenye ala. Alikuja akaketi kwenye kiti cha wateja, kofia magotini.

"Mayi," alianza, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "hiyo talumbeta naomba irudi kanisani."

"Imefanya nini?"

"Watu wanaogopa."

"Wanaogopa tarumbeta?"

"Usinichezee. Inapita kwa vinywa viwili."

"Mwalimu, watu wa kliniki walikuja kanisani wakatufundisha kwamba huo ugonjwa haupiti kwa mate. Na wewe ndiye ulikuwa unatafsiri."

"Mimi najua. Watu ndio hawajui."

"Basi wafundishe. Si wewe ni mwalimu?"

Noah aliizungusha kofia yake. "Fanya hivi. Pimwa, ulete cheti, mimi nikisome mbele ya bendi, yaishe. Ni kitu ya dakika moja tu."

"Na nisipoleta?"

"Si utaleta tu, mayi. Kwa nini usilete?"

"Sileti," alisema Peris, na mguu wake ukaanza tena kukanyaga. "Na tarumbeta sirudishi."

Alikuwa amepimwa hospitalini, kama wagonjwa wengi. Majibu anayajua yeye na Judy, na mimi siyaandiki hapa. Judy alipiga simu siku hiyo hiyo, maana habari za Kitale hufika Kachibora kabla ya mwenye habari. Peris huweka simu kwenye spika ili mikono ibaki kwenye kitambaa, na siku hiyo ni mimi tu niliyekuwa karibu, kwa hivyo nilisikia.

"Mama, si uonyeshe tu. Unajiumiza kwa nini?"

"Kwenye bendi kuna mtu anayekunywa dawa kila siku," alisema Peris. "Aliniambia mwenyewe, kwa kuniamini. Nikileta cheti changu leo, nitashangiliwa, si ndiyo? Na kesho kila mtu ataambiwa alete chake. Huyo ataenda wapi?"

"Ni nani?"

"Judy."

"Nimeuliza tu."

"Hata wewe usiulize. Mimi sitakuwa mlango wa kumtolea mtu nje."

Hillary aliposikia alichosababisha, alikuja karibu kulia. Aliomba apewe nafasi kanisani aeleze, akapewa. Alisimama mbele na kusema ni wadudu wazuri. Kijana mmoja nyuma akauliza, "Ati hata mdudu huyo kuna mzuri?" Kanisa likacheka, na Hillary akazidi kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo wadudu walivyoongezeka. Daktari Jeruto naye alimwambia Peris kwa simu kwamba, akitaka, ataandika barua ya kumsafisha. Peris alimwuliza amsafishe uchafu gani. Daktari akasema, "Umenishika hapo, mama."

Sare nyingine zilihamia kwa mshonaji wa pili. Hilo halikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni maziwa. Asubuhi aliyakuta mlangoni, kwenye kikombe chake kilichofunikwa sahani, na Linah ameshapita. Siku moja alimvizia.

"Linah, siku hizi maziwa yako yana miguu? Yanafika yenyewe."

"Niko na haraka, Mama Judy."

"Ulinibeba mpaka kwa gari. Nilikukoholea shingoni. Mbona hukuogopa?"

"Wakati huo sikuwa nimeambiwa."

"Umeambiwa na nani? Si wewe ndiye ulisema?"

Linah alitazama mtungi wake. "Si uonyeshe tu hicho cheti, bana. Nimechoka kukukosa."

"Ukinitaka niko hapa. Mlango wangu hauingiwi kwa cheti."

Linah aliubeba mtungi wake, akaondoka.

Wakati huo wote Peris alikuwa akipuliza. Alianza kwa noti moja, chai ikichemka, na noti ilitetemeka ikafa kabla chai haijapanda. Alikaa, akashika ubavu, akaanza tena. Baadaye noti ikawa mstari wa wimbo, mstari ukawa miwili. Ubeti mzima ulimshinda. Daktari alikuwa amemwambia kwamba baadhi ya mapafu hubaki na makovu, na kwamba huenda pumzi yote isirudi. "Sawa," alisema Peris, "basi nitafanya kazi na hii iliyorudi." Sisi wa ploti tulijifunza kuishi na wimbo uliokatwa katikati. Kuna watoto hapa wanaouimba hivyo mpaka leo, wakisimama mahali asipo na pumzi, wakiamini ndivyo ulivyotungwa.

Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Zamani Peris angeweza kumaliza maandamano peke yake, akimpa Linah zamu kwa huruma. Sasa alihitaji pacha kuliko mtu yeyote katika bendi, na pacha alikuwa anaacha maziwa mlangoni na kukimbia.

Mavuno yalipokwisha, makanisa yalialikwa kwenye shukrani huko Bungoma. Kila bendi ingepita mjini, kutoka upande wa stesheni ya reli hadi uwanja wa kanisa. Noah alirudi kwenye kile kiti cha wateja. Alikuwa ameufikiria mpango ambao ungempunguzia kelele.

"Utatembea nyuma ya wote, peke yako, bila pacha," alisema. "Lakini tuelewane. Wimbo ukikatika mkononi mwako, hiyo talumbeta inabaki Bungoma. Bendi ya huko wameiomba."

Noah alikuwa akiishi mtaa wa pili, na masikio anayo. Alijua pumzi ya Peris inaishia wapi. Nadhani alitarajia akatae, na mambo yaishe kwa heshima.

"Nimekubali," alisema Peris.

Siku yenyewe jua la Bungoma lilikuwa kali, si kama letu la Kitale. Tulipangwa barabarani. Noah mbele na fimbo yake, ngoma, ala kubwa, mapacha wengine, kisha wapiga matoazi, ambao Linah alikuwa amehamishiwa kwao. Nyuma kabisa, nafasi ya mtu mmoja imeachwa makusudi, alisimama Peris katika sare aliyojishonea, mgongo umenyooka. Sisi waimbaji tulitembea pembeni. Watu wa Bungoma wengine walimfahamu tangu utoto wake na walimpungia. Hakupunga. Alikuwa akitunza pumzi.

Fimbo ikashuka. Ubeti wa kwanza aliupiga karibu wote. Kiitikio alikiruka nusu, ngoma zikamfunika. Lakini barabara ile hupanda kidogo, si kilima kwa mtu mwenye mapafu mawili mazima, na katika ubeti wa pili niliona mabega yake yakipanda. Tarumbeta ikanyamaza, wimbo ukabaki kwa wenzake. Akapiga hatua kadhaa akiwa ameishika kifuani. Nilidhani amemaliza, na sikuwa peke yangu. Kijana mmoja wa bendi ya Bungoma, mwenye mikono mitupu, alikuwa akitembea kandokando yake kama mtu anayefuata kitu kilichokwisha kuwa chake.

Peris aliinua tarumbeta tena. Hakurudi nyuma kukamata alipoachia. Aliingia wimbo ulipofika, akapiga noti alizoweza, akaacha, akaingia tena. Hakujificha. Mahali pa kimya alitembea ametazama mbele, tarumbeta ikiwa wazi mkononi, kila mtu aone kwamba ni kimya chake na hakionei haya. Uso ulikuwa umejaa jasho. Hakuna aliyepaswa kumwonea huruma, na macho yake yalilisema hilo kwa yeyote aliyejaribu.

Vimya hivyo Linah alivijua. Kwa miaka mingi ndivyo vilivyokuwa zamu yake. Nilimwona akigeuza kichwa kwenye kimya cha kwanza, na cha pili, na kwenye cha tatu alimsukumia jirani yake matoazi, akasimama, bendi ikampita, mpaka Peris akamfikia. Akanyoosha mkono.

"Leta."

Peris aliondoa mdomo kwenye tarumbeta kwa kiasi cha neno. "Cheti changu hujaona."

"Leta, bana."

"Subiri. Sijamaliza mstari wangu."

Akaumaliza. Ulikuwa mstari mfupi, na noti ya mwisho ilitoka nyembamba kama uzi, lakini aliishika mpaka mahali pake. Kisha akakabidhi. Linah aliuangalia mdomo wa tarumbeta. Akaupangusa kwa mkono wa shati, kama anavyoupangusa siku zote, akapuliza kwa haraka mno, ikatoka sauti ya ndama aliyekanyagwa. Watu wa pembeni walicheka. Linah akapuliza tena, na wimbo ukakaa.

Noah aligeuka, fimbo juu. Aliona mapacha wawili pale alipoagiza mmoja. Peris alimtazama, mikono mitupu, akitembea kwa mdundo. Kwa muda fimbo ile ilibaki hewani, na sikujua itashuka kwa nani. Ilishuka kwa ngoma. Noah akageuka mbele, akaendelea.

Uwanjani, kabla ala hazijawekwa chini, alikuja moja kwa moja.

"Nilisema peke yako."

"Ulisema wimbo usikatike," alijibu Peris, bado akihema. "Umekatika?"

Noah aliiangalia tarumbeta mikononi mwa Linah. Yule kijana wa Bungoma mwenye mikono mitupu alikuwa amesogea karibu kusikiliza.

"Haukukatika," alisema Noah hatimaye. "Lakini mayi, bado kuna ile mambo ya cheti."

"Cha nani?"

"Chako."

"Mwalimu, anza na chako. Ukikisoma mbele ya bendi, tutaendelea na mke wako, halafu wazee wa kanisa, halafu mimi. Nitakuwa nimekaa hapa."

Bendi nzima ilikuwa imesikia. Yule mtu anayekunywa dawa, ambaye sasa namjua na simtaji, alikuwa hatua chache kutoka hapo akimwaga mate kutoka kwenye ala yake, wala hakuinua macho. Noah akavaa kofia. Alimwambia kijana wa Bungoma kwamba tarumbeta ina wenyewe.

Tulirudi Kitale nayo, mapajani mwa Linah. Ndiye ameichukua zamu ya kwanza siku hizi, na Peris ya pili, na Linah analalamika kuhusu hilo ploti nzima isikie. Noah aliuliza kuhusu cheti mara moja zaidi, mazoezini, kwa sauti ya chini. Kisha akaacha. Katika bendi yetu hakuna mtu aliyewahi kuleta.